Picha Hazifunguki Kwenye Kivinjari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyefungua tovuti akakuta maandishi yametimia lakini picha hazipo, au zipo nusu, au mahali pake pana visanduku vitupu. Maswali ya mwanzo ni ya msomaji wa kawaida anayetumia simu au kompyuta. Ya mwisho ni ya wenye tovuti, kwa kuwa mara nyingi kosa liko upande wao na msomaji hawezi kulitatua hata akiwasha na kuzima simu mara kumi.

Kwa nini maandishi yanafunguka lakini picha zinakataa?

Kivinjari hakipokei ukurasa kama mzigo mmoja. Kwanza kinaomba faili ya maandishi, na ndani ya faili hiyo kwa kawaida hakuna picha, bali kuna anwani za mahali picha zinakokaa. Kivinjari huzisoma anwani hizo na kutuma ombi jingine kwa kila picha, na maombi hayo mara nyingi hayaendi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti na kuigawa) iliyotoa maandishi bali kwenye seva nyingine kabisa, yenye jina jingine la kikoa, yaani jina la tovuti kwenye intaneti, na pengine iliyoko nchi nyingine. Utaratibu huu una umri mkubwa: mwaka 1993 Marc Andreessen alipendekeza alama ya kuweka picha ndani ya ukurasa, na kivinjari cha Mosaic kikazionyesha picha katikati ya maandishi badala ya kuzifungua katika dirisha la pembeni.

Kwa hiyo ukurasa wenye picha 40 ni maombi yasiyopungua 41, na kila ombi linaweza kukwama peke yake. Ukilielewa hilo, maswali mengine yote yaliyo hapa chini yanakuwa rahisi, kwa sababu kazi inayobaki ni kutafuta ombi limekwama wapi: ndani ya kifaa chako, njiani, au kwa mwenye tovuti.

Alama ninayoiona mahali pa picha ina maana gani?

Chrome huweka kijipicha kilichochanika pembeni, na Safari huweka kisanduku chenye alama ya kuuliza. Firefox kwa kawaida haiweki alama yoyote, bali huandika maandishi mbadala yaliyowekwa na mwenye tovuti, na kama hakuyaweka unaweza usijue kabisa kwamba palitakiwa kuwa na picha. Alama hizi zinasema kwamba kivinjari kilijaribu na kikashindwa. Kisanduku cha kijivu au chenye ukungu kisichobadilika ni jambo tofauti: hapo picha bado inasubiriwa, au ukurasa wenyewe haujaiomba bado.

Nianzie wapi kabla sijagusa mipangilio yoyote?

Anza kwa kuifungua picha peke yake. Kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mahali pa picha na uchague kuifungua katika kichupo kipya. Kwenye simu, shikilia kidole hapo mpaka menyu itokee. Hatua hii haichukui hata nusu dakika, na inakupa jibu ambalo kuhangaika kwa saa nzima na mipangilio hakutakupa.

Ukiona namba 404, seva imepatikana lakini picha haipo katika anwani hiyo. Ilifutwa, ilihamishwa, au anwani iliandikwa vibaya, na wewe huna la kufanya. Namba 403 ina maana kwamba seva imekukatalia. Namba zinazoanzia 500 ni hitilafu ya seva yenyewe, na hapo kusubiri ndiyo dawa. Kivinjari kikisema kwamba jina la seva halipatikani, tatizo liko kwenye huduma ya kutafsiri majina ya tovuti au kuna kitu kinachoizuia seva hiyo kwenye mtandao wako. Onyo kuhusu cheti cha usalama mara nyingi linatokana na saa ya kifaa, jambo ambalo tumelieleza kwa kirefu zaidi hapa chini.

Picha ikifunguka vizuri katika kichupo chake lakini ikakataa ndani ya ukurasa, basi njia iko salama, na wa kushukiwa ni kiendelezi cha kivinjari (programu ndogo ya nyongeza, kama kizuia matangazo) au namna ukurasa ulivyoundwa. Jaribu tena ukurasa huohuo katika dirisha fiche, ambalo kwa kawaida huendeshwa bila viendelezi na bila mabaki ya ziara zilizopita. Kisha jaribu tovuti nyingine, halafu mtandao mwingine, kwa mfano kwa kuzima Wi-Fi na kutumia data ya simu. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo tatizo likiisha hutajua lilimalizwa na nini.

Wengi huniambia nifute data zote za kivinjari. Nifanye hivyo?

Hapana, angalau si mwanzoni. Ushauri huu hutolewa kirahisi mno, na anayeufuata bila kusoma visanduku anavyotia tiki anaweza kujikuta ametolewa katika akaunti zake zote, au amepoteza nywila alizokuwa hazikumbuki, huku picha bado zikikataa.

Ni kweli kwamba kivinjari huhifadhi nakala za picha ili zisivutwe upya kila mara, na ni kweli kwamba nakala hizo wakati mwingine huharibika, hasa kifaa kikizimika ghafla au hifadhi yake ikijaa. Lakini ili kuuruka ukurasa mmoja uliohifadhiwa vibaya inatosha kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja kwenye Chrome au Firefox, au Command, Shift na R kwenye Mac. Amri hiyo hukilazimisha kivinjari kuomba kila kitu upya kutoka kwa seva. Kwenye simu hakuna vitufe hivyo, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, fungua ukurasa wa kufuta data ya kuvinjari, na utie tiki kwenye picha na faili zilizohifadhiwa kwa muda pekee. Vidakuzi (faili ndogo zinazoiwezesha tovuti kukukumbuka) na nywila viache mahali pake. Kumbuka pia kwamba baada ya kufuta, tovuti zako zote zitavuta picha upya mara ya kwanza utakapozifungua, na mwenye bando la MB chache atalihisi hilo mapema.

Picha zinafunguka kwenye Wi-Fi lakini kwenye data ya simu zinakataa. Kwa nini?

Angalia kwanza aina ya bando lako. Yapo mabando ya mitandao ya kijamii ambayo hayafungui tovuti nyingine, na baadhi ya kampuni za simu zimewahi kutoa huduma za bure zinazoonyesha maandishi peke yake bila picha wala video. Mtumiaji aliyeishiwa MB anaweza kuingia katika hali hiyo bila kutambua, akaendelea kusoma kama kawaida na kudhani kwamba simu imeharibika.

Sababu ya pili ni programu za kuokoa data. Opera Mini, ambayo imependwa sana Afrika Mashariki kwa sababu hupitisha kurasa kwenye seva zake na kuzibana kabla hazijafika kwenye simu, inampa mtumiaji uwezo wa kuchagua ubora wa picha au kuzizima kabisa. Mpangilio huo uko katika sehemu ya kuokoa data. Chrome nayo ilikuwa na hali yake ya kuokoa data, lakini Google iliiondoa mwaka 2022, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokutaka uizime hayana kazi tena. Mfumo wa Android wenyewe una kiokoa data ambacho huzuia programu kutumia mtandao zikiwa nyuma ya pazia. Hicho hakiondoi picha kwenye ukurasa ulio mbele yako, ingawa baadhi ya tovuti hukitambua na kuleta picha hafifu zaidi.

Sababu ya tatu ni udhaifu wa mawimbi tu. Maandishi ya habari moja ni kilobaiti chache, lakini picha iliyo juu yake inaweza kuwa kilobaiti 300 au zaidi. Laini iliyochoka hupitisha maandishi na kuachia picha zikizunguka. Washa hali ya ndege kwa sekunde kumi kisha uizime, ili simu itafute mnara upya.

Na kinyume chake: data ya simu inafungua, Wi-Fi ya ofisini au hotelini inakataa?

Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mtandao huo una kichujio, au kwamba unatakiwa kuingia kwanza katika ukurasa wa ukaribisho kabla ya kuruhusiwa. Kurasa ulizozifungua jana zinaweza kutokea kutoka kwenye akiba ya kivinjari na kukufanya uamini kwamba umeunganishwa, kumbe picha mpya hazipiti. Fungua tovuti ambayo hujawahi kuitembelea. Ukurasa wa ukaribisho ukijitokeza, jibu umelipata. Kama ni kichujio cha ofisi, mwone msimamizi wa mtandao badala ya kutafuta njia ya kukizunguka.

Inawezekana nilizima picha mwenyewe bila kujua?

Inawezekana, na hutokea zaidi kwenye kompyuta zinazotumiwa na watu wengi. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, kisha picha, na uhakikishe kwamba tovuti zinaruhusiwa kuonyesha picha. Chini yake kuna orodha ya tovuti zilizozuiwa moja moja, na huko ndiko tovuti moja inaweza kujificha. Kwenye Firefox andika about:config katika sehemu ya anwani, kubali onyo linalotokea, na utafute permissions.default.image. Thamani yake inatakiwa kuwa 1. Ikiwa ni 2, picha zote zimezuiwa. Ikiwa ni 3, zimezuiwa zile zinazotoka kwenye vikoa vingine tu. Thamani ya 3 ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu tovuti ndogo hufunguka kamili ilhali tovuti kubwa, ambazo huweka picha zake kwenye seva za pembeni, hufunguka zikiwa tupu.

Kizuia matangazo kinaweza kuondoa picha ambazo si matangazo?

Ndiyo, na kwa sababu ya ajabu kidogo. Vizuizi hivi haviitazami picha yenyewe; husoma anwani yake na kuilinganisha na orodha ndefu ya maneno na majina ya vikoa. Mwenye duka akiweka picha za viatu vyake katika folda iitwayo ads, anwani ya kila kiatu itakuwa na neno hilo, na wateja wanaotumia kizuia matangazo wanaweza kuona bei bila kiatu. Zima kiendelezi kwa tovuti hiyo moja na upakie ukurasa upya. Kama unatumia DNS (huduma ya kutafsiri majina ya tovuti) yenye kuzuia matangazo kupitia mpangilio wa DNS ya faragha uliokuja na Android 9 mwaka 2018, ijaribu pia kwa kuirudisha kwenye hali ya kiotomatiki, maana yenyewe huzuia majina ya seva kwa simu nzima na dirisha fiche halitakusaidia kuigundua.

Saa ya kompyuta ina uhusiano gani na picha?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tovuti salama, yaani ile ambayo anwani yake huanza na https, huthibitisha utambulisho wake kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 itakiona cheti cha leo kama kitu ambacho muda wake haujafika, na italikataa ombi. Kwa ukurasa mkuu utapata onyo kubwa. Kwa picha hakuna onyo lolote: kivinjari hukataa kimya kimya na kuacha kisanduku kitupu.

Niliwahi kuitwa katika duka moja la kuchapa na kutoa nakala ambako kompyuta ya mezani ilikuwa, kwa maneno ya mwenyewe, "imekataa picha tangu Jumatatu". Tovuti mbili alizozizoea zilikuwa zikifunguka maandishi peke yake, kwa kuwa hazikuwa salama na hazikuhitaji cheti, lakini picha zake zilitoka kwenye seva iliyokihitaji. Katika kona ya chini ya kioo palikuwa na tarehe ya Januari 2009. Umeme ulikuwa umekatika mwisho wa juma, na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, ile ya ukubwa wa sarafu yenye namba CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila mara kompyuta hiyo ilipokosa umeme saa ilirudi mwanzo. Kurekebisha saa kulirudisha picha papo hapo, na betri mpya ilizuia tatizo lisijirudie. Kabla ya hapo fundi mwingine alikuwa ameshaweka Windows upya mara mbili.

Simu yangu ni ya zamani. Je, ndiyo sababu?

Huenda. Vyeti nilivyovitaja huaminiwa kwa sababu kifaa kina orodha ya watoaji wanaotambulika, na kwenye simu za zamani orodha hiyo haisasishwi. Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure anayetumiwa na tovuti nyingi mno, hayumo katika orodha ya asili ya simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1; kwa miaka kadhaa zilitegemea cheti cha daraja, yaani kilichodhaminiwa na mtoaji wa zamani ambaye simu hizo zilimtambua, na muda wa cheti hicho uliisha Septemba 2024. Firefox hubeba orodha yake yenyewe badala ya kutegemea ya simu, kwa hiyo toleo la mwisho la Firefox ambalo simu yako bado inalipokea linaweza kurudisha picha zilizopotea kwenye Chrome.

Kwenye kompyuta, Internet Explorer ilistaafishwa rasmi na Microsoft mnamo Juni 2022 na haikuwahi kuelewa picha za WebP, muundo wa picha unaoelezwa katika swali linalofuata. Kama bado unaitumia, usitafute sababu nyingine.

WebP, AVIF na HEIC ni nini, na kwa nini baadhi ya vivinjari havizielewi?

Ni namna za kuibana picha ili iwe nyepesi. GIF ilitokea mwaka 1987, JPEG mwaka 1992 na PNG mwaka 1996, na hizo tatu hufunguka karibu kila mahali. WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010, lakini Safari haikuikubali mpaka toleo la 14 mwaka 2020. AVIF ni mpya zaidi: Chrome iliikubali mwaka 2020, Firefox mwaka 2021 na Safari mwaka 2022. Kivinjari kisichosasishwa kwa miaka mitano kinaweza kuipokea picha yote, MB zikatumika, kisha kikashindwa kuisoma.

HEIC ni suala la peke yake. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha za kamera katika muundo huo, na Chrome haiuonyeshi. Huyu ndiye mkosaji katika malalamiko mengi ya waombaji wa kazi na wa vyuo wanaopakia picha ya pasipoti katika fomu ya mtandaoni na kuona kisanduku kitupu: picha ilihamishwa kutoka iPhone hadi kompyuta kwa waya ikiwa na HEIC yake, na kubadilisha jina la faili ili liishie na jpg hakubadilishi kilichomo ndani. Ama ifungue kwa programu ya picha na uihifadhi upya kama JPEG, ama ingia kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, sehemu ya miundo, na uchague ule unaopatana na vifaa vingi zaidi kabla ya kupiga picha nyingine.

Picha inafunguka nusu ya juu, halafu chini inakuwa ya kijivu.

Muunganisho ulikatika katikati. JPEG ya kawaida huhifadhiwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo unachokiona ni kiasi kilichofika kabla ya kukatika. Pakia ukurasa upya kwa nguvu kama ilivyoelezwa hapo juu. Kama inakatika mahali palepale kila mara na kwenye kila mtandao, faili yenyewe imeharibika huko iliko.

Picha hazitokei mpaka nishuke chini, na nikichapisha ukurasa kwa printa zinakosekana.

Hilo si kosa. Tovuti nyingi huomba picha pale tu msomaji anapokaribia kuifikia, ili kuokoa data. Kabla ya kuchapisha, shuka taratibu mpaka mwisho wa ukurasa kwanza. Baadhi ya tovuti hutekeleza jambo hilo kwa JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, na ukiwa umeizima picha hazitakuja hata ukishuka mara mia.

Kwa nini siku nyingine picha zinakataa kwa kila mtu nchini?

Kwa sababu ya njia ambayo picha hupita. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani waliikuta intaneti ikisuasua kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mambo huonekana ya kutatanisha: tovuti moja inafunguka kamili na picha zake, nyingine inaleta maandishi baada ya dakika nzima na picha haziji kabisa. Tofauti hutokana na mahali nakala za picha zinakokaa. Kampuni kubwa huweka nakala za picha zake katika seva zilizoko ndani ya ukanda huu, katika miji kama Nairobi na Mombasa, na maombi yanayokwenda huko hayavuki bahari. Tovuti ambayo picha zake ziko Ulaya au Marekani pekee hulazimika kugombania njia chache zilizobaki.

Hapa hakuna mpangilio wa kurekebisha. Kubadilisha DNS kwenda 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kama inavyoshauriwa kila mkongo unapokatika, husaidia tu pale ambapo tatizo lilikuwa la kutafsiri majina; mkongo uliokatika hautaunganishwa na namba hizo.

Picha zinatokea nyeusi, au zinarukaruka zenye mistari ya rangi.

Zimefika salama, lakini kadi ya michoro ya kompyuta inashindwa kuzichora. Zima uongezaji kasi wa maunzi katika sehemu ya mfumo ya mipangilio ya Chrome, kisha ufunge na kufungua kivinjari. Ukiona nafuu, sasisha programu kiendeshi ya kadi hiyo. Kwenye simu zenye kumbukumbu ndogo shaka iende kwenye ukubwa wa picha: picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na MB 3 tu ikiwa faili, lakini ikifunguliwa kila pikseli hutaka baiti 4, na jumla yake ni MB 48 za kumbukumbu. Kurasa zenye picha kumi za namna hiyo huishinda simu ya GB 1 hata kama mtandao ni mzuri.

Picha zilizomo katika barua pepe hazifunguki. Ni tatizo hilohilo?

Si hilo. Programu nyingi za barua pepe, Outlook ikiwemo, huzuia picha za mbali kwa makusudi, kwa sababu mtumaji anaweza kuficha picha ya pikseli moja na kujua siku na saa uliyoufungua ujumbe wake. Gmail tangu Desemba 2013 huzipitisha picha kwenye seva za Google ili mtumaji asiione anwani ya kifaa chako. Mtumaji ukimfahamu, bofya kiungo cha kuonyesha picha juu ya ujumbe. Usipomfahamu, ziache zilivyo.

Mimi ndiye mwenye tovuti. Kwenye kompyuta yangu picha zinaonekana, kwa wengine hazionekani.

Soma anwani ya picha jinsi ilivyoandikwa ndani ya ukurasa, herufi kwa herufi. Ikianza na file au na C, unazionyesha picha zilizo kwenye diski yako mwenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuzifikia.

Kosa linalofuata kwa wingi ni la herufi kubwa na ndogo. Windows haitofautishi Picha.JPG na picha.jpg, lakini seva nyingi za tovuti huendeshwa kwa Linux, na kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti. Kamera nyingi huandika JPG kwa herufi kubwa, mtengenezaji anaandika jpg kwa mazoea, ukurasa unapendeza nyumbani, na ukipandishwa kwenye seva unageuka visanduku vitupu. Weka kanuni ya majina ya herufi ndogo tupu, bila nafasi wala alama za mkazo, na uifuate bila kuchoka.

Nilihamia kwenye https na baadhi ya picha zimepotea.

Anwani za zamani zinazoanza na http zimebaki ndani ya makala zako. Vivinjari vya sasa hujaribu kuzibadilisha vyenyewe kuwa https, na kama seva ya picha haina cheti, picha haionyeshwi. Badilisha anwani zote katika hifadhidata mara moja. Kama picha ulikuwa unaziazima kutoka tovuti ya mtu mwingine, huenda pia mwenyewe ameziwekea kizuizi: seva yake husoma jina la ukurasa unaoomba, na usipokuwa wake inajibu 403. Hilo ni haki yake, kwani data inayotumika anailipia yeye. Omba ruhusa, uihifadhi picha kwenye seva yako.

Nimejaribu yote na bado. Nimwandikie nini mwenye tovuti?

Usimwandikie "picha hazifunguki" peke yake, kwa sababu kwake yeye zinafunguka. Mtumie anwani kamili ya ukurasa na anwani ya picha moja iliyokataa, namba uliyoiona ulipoifungua katika kichupo kipya, jina na toleo la kivinjari, mtandao uliotumia, pamoja na siku na saa. Kwenye kompyuta unaweza kubonyeza F12, kufungua kichupo cha Network, kupakia ukurasa upya na kupiga picha ya kioo: maombi yaliyofeli yataonekana kwa rangi nyekundu, kila moja na sababu yake.